Tela la Kayaki Mbili

Mimi ni mwalimu wa lugha, na mali yangu karibu yote ni karatasi. Kwa hiyo siku lori liliposimama mbele ya nyumba yangu hapa Nyegezi, likashusha masanduku mawili ya mbao ambayo kila moja lilihitaji wanaume wawili kulinyanyua, majirani walitoka kutazama. Na mmoja wao, mzee mwenye heshima, akauliza kama ni vitabu. Nilimjibu kuwa ni tela. "La trekta?" Nikamwambia ni la motokaa. Aliitazama motokaa yangu ndogo, akayatazama masanduku, akasema, "Mungu akujalie, Mwalimu," akaenda zake.

Habari hii ina mwanzo wake. Mwaka 2024 mwenzetu mmoja, mgeni aliyefundisha nasi kwa miaka mitatu, alikuwa akiuza vyombo vyake kabla ya kurudi kwao, na katika vyombo hivyo zilikuwamo kayaki mbili. Kayaki, kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, ni mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, wenye tundu la kukalia mtu mmoja, nao huendeshwa kwa kafi yenye bapa mbili, moja kila ncha. Waliobuni chombo hiki ni Wainuiti wa nchi za barafu, ambao walikiwamba kwa ngozi ya sili juu ya kiunzi cha mbao au mifupa. Hizi zilikuwa za plastiki, moja ya manjano na moja ya buluu, kila moja yenye urefu wa meta 4 na uzito wa kilo 25. Bei ilikuwa ya mtu anayeondoka. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, alikuwa amesimama karibu nami, ameishika ile ya manjano kama mtu anavyomshika ndama. Nilizinunua zote mbili. Sikuwa nimegusa maji ya Ziwa kwa miaka 28.

Miaka hiyo yanipasa niieleze. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa Ukerewe, nami nilizaliwa mahali ambapo mtoto hujua kupiga kafi kabla ya kujua kusoma. Kaka yangu mkubwa hakufuata uvuvi. Alinunua ndizi Bukoba akaziuza Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imepakia watu kupita kiasi, ilipinduka na kuzama ilipokuwa imekaribia kufika Mwanza. Watu walikufa kwa mamia. Wengi wamezikwa Igoma. Kaka yangu hakupatikana. Mama hakulia mbele yetu. Baada ya arobaini alifunga mizigo, akatuchukua sisi wadogo akatupeleka Ngudu kwa mjomba, ambako maji ni ya lambo na ya kisima, akaniambia maneno manne tu: "Ziwa kwetu limekwisha, mwanangu." Nilikuwa na umri wa miaka 16, nikatii. Nilisoma, nikaenda mbali, nikarudi Mwanza na shahada ya udaktari, nikajenga nyumba mahali ambapo Ziwa huonekana dirishani, nikaendelea kutii. Mama anaishi nasi sasa. Tulipomwonyesha vyumba alichagua kile kinachotazama mlima na mawe.

Kayaki zilikaa nyuma ya nyumba miezi minne. Kutoka kwetu hadi ufuko tuliouchagua, upande wa Luchelele, ni mwendo wa kilometa chache za njia ya vumbi na makorongo, na kilo 25 si mzigo mkubwa mpaka ziwe na urefu wa meta 4. Nilijaribu kuifunga moja juu ya motokaa. Paa likabonyea, nami mgongo ukaniuma juma zima. Kisha nikakodi mkokoteni. Kijana mwenye mkokoteni alikuwa hodari, amezoea kusukuma magunia ya dagaa wakavu pale Mwaloni Kirumba, lakini gunia hukaa mahali linapowekwa. Kayaki iliutokeza mkokoteni mbele na nyuma, ikapata mteremko, ikateleza kama samaki mkononi mwa mtoto, ikaingia kibandani kwa mama muuza nyanya. Nililipa nyanya. Nililipa na maneno, maana yule mama alikuwa fasaha. Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza habari za tela.

Mafundi wa hapa huunda matela mazuri sana, lakini ni ya kubebea mchanga na mashine za kusaga; niliyemweleza haja yangu alinichorea kitu ambacho kingeweza kubeba kifaru. Basi nikaagiza tela jepesi kwa mwuzaji mmoja wa Dar es Salaam, lililotoka ng'ambo likiwa vipande. Niliambiwa kuwa mtu yeyote mwenye spana ataliunga kwa siku moja. Sikuuliza mtu huyo yeyote ni nani.

Siku ya Jumamosi nilivunja masanduku nikavitandaza vipande vyote uani juu ya mkeka: mapande ya chuma kilichopakwa zinki, ekseli, springi mbili za mabapa manne manne, magurudumu mawili, beringi katika karatasi yenye mafuta, minyororo miwili, taa za nyuma, na mfuko wa nati na bolti uzito wa kuku. Kila kipande kilikuwa kimepigwa namba. Kitabu cha maelezo kilikuwa picha tupu, bila neno hata moja la lugha yoyote, nami nilikiona kama tusi kwa kazi yangu.

Lakini zile namba zilinifanya nikae kitako kwa muda. Ziwa hili halina mto ambao meli inaweza kuupanda kutoka baharini, kwa hiyo meli kubwa za chuma zilizolipitia kwa zaidi ya miaka mia aghalabu zilifika kama lilivyofika tela langu. William Mackinnon iliundwa Paisley katika nchi ya Scotland, ikafunguliwa, ikaletwa vipande kupitia Mombasa, ikaungwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. MV Victoria nayo iliundwa Scotland, ikaletwa Kisumu katika vipande vyenye namba, ikaanza safari mwaka 1961. Na kabla ya reli kuwako palikuwa na mashua ya Stanley, Lady Alice, ya mbao za mwerezi, urefu wa futi 40, iliyoundwa Teddington kando ya mto Thames kwa namna ya kukatika mapande. Iliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Ikafika Kageyi, katika Ghuba ya Speke, si mbali sana na hapa nilipo, tarehe 27 Februari 1875. Ikaungwa, na tarehe 8 Machi ikaanza kulizunguka Ziwa.

Mtu asiyejua njia za wakati ule atauliza kwa nini hawakutumia magurudumu. Ndorobo waliwaua ng'ombe na farasi wa kukokota, na njia yenyewe ilikuwa nyembamba kiasi cha unyayo. Basi mashua ilikwenda mabegani. Pande la mashua si kama mzigo wa kitambaa au shanga, ambao mpagazi huuweka kichwani akaenda kwa hatua yake mwenyewe. Hubebwa na watu kadhaa wanaolazimika kuinama pamoja penye tawi na kupinda pamoja penye mwamba, na mmoja akijikwaa wote huumia. Mashua ilipewa jina la msichana wa Marekani aliyekuwa mchumba wa Stanley. Nimefundisha fasihi ya safari kwa miaka mingi, na nakiri kwamba sikuwahi kuufikiria uzito wa mashua hiyo mpaka siku nilipojaribu kuihamisha ekseli peke yangu kutoka mkekani hadi kivulini.

Mama alikuwa barazani akichambua maharage. Hakuniuliza ninaunda nini. Alijua, binti yangu si mtu wa kuficha habari. Kwa siku mbili alilitazama tela likipata umbo, na kila alipolazimika kulitaja aliliita "hicho chako". "Ondoa hicho chako, wageni wanakuja." Mimi nami sikumweleza kitu, kwa woga tu, ingawa woga huo niliuita heshima.

Jioni ya siku ya pili niligundua upungufu. Ekseli hushikiliwa chini ya kila springi kwa bolti mbili zilizopindwa kama herufi U, yaani bolti nne kwa jumla, na mfukoni zilikuwamo tatu. Nilimpigia simu mwuzaji. Aliahidi kuleta ya nne, na ahadi hiyo ningali nayo. Binti yangu alikuwa katika likizo yake ya mwisho kabla ya mtihani, siku zinakwenda. Nikaamua kuifunga pembe ile kwa waya mnene, nikaukaza kwa koleo, nikajiambia kuwa mzigo ni wa kilo 50 tu. Nilikuwa nikifuta mikono ndipo Mama aliposhuka barazani. Aliinama kwa shida, akatazama uvunguni. Mtu aliyeshona nyavu miaka 20 huliona tundu kabla hajauona wavu.

"Huku viko viwili," alisema, "na huku kimoja na uzi."

"Ni waya, Mama. Utashika. Si mbali tunakokwenda."

Alisimama akakung'uta makapi ya maharage kwenye kanga. "Hata ile walisema itafika tu," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Katika miaka 28 hilo lilikuwa neno la kwanza kulisikia kinywani mwake juu ya meli ile. Niliukata waya usiku uleule kwa mwanga wa kurunzi.

Kesho yake nilikwenda Mabatini kwa fundi mmoja, kijana asiyepita miaka 25, aliyeishia darasa la saba. Nilimpa bolti mojawapo kwa mfano. Nikamwonyesha na kipande cha nondo nilichokuja nacho, nikidhani nimemrahisishia kazi. Alikitupa kando bila dharau, kama mwalimu anavyofuta kosa la mtoto, akasema nondo ni ya kulala ndani ya zege, haifai kukatwa meno wala kutikiswa. Alichukua chuma cha mviringo, akakata meno ya nati kwenye ncha zote mbili kingali kimenyooka, kwa kuwa kikishapindwa hakishikiki. Ndipo akakitia motoni hadi kikawa chekundu, akakizungusha kwenye bomba, akakiacha kipoe chenyewe bila kukimwagia maji. "Ukikipoza kwa haraka, Mwalimu, kinakuwa kigumu halafu kinakatika kama biskuti."

Hapa nitakiri jambo la taaluma. Katika tasnifu yangu niliandika sura nzima kulaumu maneno ya karakana, haya ya ekseli, beringi, springi na wosha, nikapendekeza mengine mahali pake, mazito na yenye kistari katikati, ambayo sijapata kumsikia mtu akiyatamka, nami nikiwa mmojawapo. Kijana yule alisema "ekseli" labda mara kumi katika saa moja: ekseli hii imenyooka, ekseli zake ni imara, ekseli yenyewe isiguse springi. Hakukosea upatanisho hata mara moja. Neno lilikuwa limekwisha kula na kulala nyumbani, na mimi ndimi niliyekuwa bado mlangoni nikiliuliza hati ya kusafiria.

Aliponiuliza mzigo wenyewe nikamwambia ni mitumbwi miwili, alicheka sana, kisha akaacha kucheka akaanza kupima. Ndiye aliyeliponya tela langu. Aliona kwamba mkono wa kuvutia ni mfupi. Katika kona ncha ya kayaki ingegonga kioo cha nyuma cha motokaa. Akauweka mwingine wa bomba la mraba, wenye urefu wa meta 3. Akasimamisha fremu mbili za umbo la T za kulazia kayaki, akazivika mipira ya ndani ya matairi makuukuu. Akanifundisha kwamba mzigo usikae katikati ya magurudumu hasa, bali uelemee mbele kidogo, kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wote iwe juu ya kishikio. Ukielemea nyuma, tela litayumba barabarani kama mlevi na kuiyumbisha na motokaa. Tulipolijaribu tupu liliruka kila shimo kama mwana-mbuzi. Akafungua springi, akatoa mabapa mawili kila upande, maana zilikuwa zimetengenezwa kwa mzigo mara nane ya wangu, na springi isiyopata uzito wake haiinami. Tulipolijaribu tena lilinyamaza.

Usajili na namba sitausimulia; ulikuwa kama ulivyo kila mahali. Kurudi nyuma ndiko kulikonitesa. Mwenye tela akitaka liende kulia hana budi kuuzungusha usukani kushoto, na mwili wa mtu mzima haukubali elimu hiyo upesi. Nilijifunzia kiwanja cha chuo saa za jioni, na wanafunzi wangu, ambao siwaoni kwa wingi namna ile darasani, walihudhuria wote. Katika miezi hiyohiyo mimi na binti yangu tulijifunza kuogelea katika bwawa la hoteli moja mjini. Yeye kwa juma moja, mimi kwa muda ambao hauna haja ya kutajwa.

Usiku wa kuamkia safari nilizifunga kayaki juu ya tela kwa mikanda miwili ya dukani, yenye meno ya chuma ya kukazia, na nikaridhika nayo. Mama alikuja uani na taa. Alizunguka pande zote. Aliibonyeza mikanda kwa kiganja, akaikubali. Kisha akaishika ile ya manjano kwenye ncha ya mbele akaitikisa kushoto na kulia, nayo ikacheza.

"Umekifunga tumbo," alisema. "Kichwa na mkia vinakwenda vinakotaka. Kamba hukatika pabovu. Lete kamba."

Nilileta kamba ya manila. Aliketi juu ya gurudumu la tela, akaipima kwa mikono iliyonyooshwa, pima moja, pima mbili, akaikata kwa kisu cha jikoni. Kisha akafunga ncha za mbele kwenye mkono wa tela na ncha za nyuma kwenye fremu, kwa fundo ambalo baba alilitumia kufungia mtumbwi gatini, lile linalokaza likivutwa na kufunguka kwa kidole kimoja likitakiwa. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi. Fundo halikupinda. Binti yangu alimwomba alirudie polepole. Alilirudia mara tatu, kisha akamwambia alifunge mwenyewe, akalifungua, akamwambia alifunge tena.

Tuliondoka kabla ya jua, kwa kuwa asubuhi Ziwa hutulia, na upepo wa kutoka majini huanza jua likipanda. Sikumwalika Mama, nilidhani kumwalika ni kumtesa. Nilipofungua mlango wa motokaa nilimkuta amekwisha kukaa mbele, amejifunga kitenge, mkoba mapajani. Njia nzima hakutazama mbele. Alikuwa amegeuka akilitazama tela kwa kioo cha nyuma.

Ufukoni hatukuingia majini mara moja. Vikombe vya magurudumu hupata moto njiani, na vikizamishwa vingali moto hupoa ghafla na kuvuta maji ndani ya beringi. Ndivyo yanavyokufa matela mengi ya mashua. Basi tulingoja nusu saa. Tulikuwa tumechagua mahali penye mawe na mchanga, pasipo majani, kwa ajili ya konokono wa kichocho, na siku ile magugu maji hayakuwapo, upepo ulikuwa umeyasukumia ng'ambo. Mama aliutumia muda huo kukagua jaketi okozi la mjukuu wake. Alivuta kila kifungo, akalinyanyua mabegani kama anayenyanyua mtungi kwa masikio yake, akaona halimtoki. Kisha akanifanyia mimi vivyo hivyo, mbele ya wavuvi waliokuwa wakianika nyavu, nami nina umri wa miaka 45.

Tulilifungua tela kutoka kwenye motokaa, tukalisukuma kwa mikono. Kayaki zilipoondoka juu yake likawa jepesi, na kwa kuwa ufuko unateremka, likaanza kwenda lenyewe polepole kuelekea majini. Niliruka kulishika. "Nenda," alisema Mama, "hili mimi nalishika," akaketi juu ya mkono wake, nalo likatulia.

Maji yalikuwa ya baridi kuliko nilivyoyakumbuka. Binti yangu alinitangulia kwa kafi kumi, akageuka kuniita. Mimi nilikuwa natetemeka, na sitasema kuwa ni kwa baridi. Nilipokuwa mbali kiasi cha kurusha jiwe niligeuza kichwa. Mama alikuwa palepale juu ya mkono wa tela, miguu yake imezama mchangani, kamba zote mbili amezikunja mapajani. Hakunipungia mkono. Alipoona nimegeuka alininyoshea kidole mbele kwa hasira, mara mbili, kwa kuwa nilikuwa nikielekea jiweni.